Jumapili Isiyo na Mkate

Bibi Debe alifika Jumatano saa kumi jioni, akiwa na kilo moja ya unga kwenye mfuko wa kitambaa na swali moja mdomoni. Unga aliuweka mezani. Swali alilichelewesha kidogo. Aliomba kwanza maji ya kunywa, akamtania mtoto kwamba amenenepa mpaka shingo imeenda likizo, ndipo akajiweka sawa kitini na kuuliza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Mwanangu, una neno na mtu yeyote?"

Kila mama wa kanisa lile dogo alilijua swali hilo. Mkate wa Meza ya Bwana haukununuliwa dukani pale kwao. Uliandaliwa kwa zamu, mama mmoja kila mwezi, mkate mmoja mpana usiotiwa hamira, na mchungaji wa kwanza aliyeanzisha utaratibu huo aliacha sharti moja tu: mikono inayoukanda isiwe na ugomvi. Kwa hiyo mtunza unga, aliyebandikwa jina la Bibi Debe kwa sababu ya debe aliloliweka uvunguni mwa kitanda chake kama mtu aliyeficha dhahabu, alipita kuuliza. Na jibu lilikuwa "sina." Lilitoka mbio, kama "salama" inavyotoka kwenye mdomo wa mtu anayeumwa jino.

Kitinda alikuwa ameingojea zamu hii kwa hamu. Jina hilo alilipata kwa kuwa kitindamimba, na ingawa sasa alikuwa na mume, mtoto wa miezi saba na cheti cha masomo ya jioni, hakuna aliyefikiria kumwita vingine. Zamu yenyewe ilikuwa ya marehemu mama yake. Mama alikanda mkate wa kanisa kwa miaka mingi, na alipofariki, miezi kumi iliyopita, nafasi yake kwenye orodha ilibaki wazi mpaka wazee wa kanisa walipoamua kumpa binti. Mara ngapi Kitinda alikuwa amejiona akilini, unga umempanda hadi kwenye viwiko, akifanya alichokifanya mama.

Basi alifungua mdomo aseme sina, ulimi ukamganda.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kunyonyesha. Mtoto huyu alinyonya bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa chai na hana pa kwenda, na mama yake alijizoeza kusoma Injili kwa mkono uliobaki. Wiki ile alikuwa amefika pale Yesu anapomzungumzia mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo juu yake. Aiache hapo hapo, aende akapatane kwanza. Alikuwa amelisikia somo hilo tangu utotoni, na siku zote alidhani linamhusu mtu mwenye hasira. Kumbe mwenye hasira hakutumwa popote. Aliyetumwa ni yule aliyekasirikiwa.

"Mimi sina neno na mtu, Bibi," alisema. "Ila nadhani dada yangu ana neno na mimi."

Bibi Debe alimtazama kama mtu aliyeulizwa saa akajibiwa hali ya hewa. Alisema kwamba hilo ni la huyo dada, siku dada akipewa zamu ataulizwa yeye. Kitinda alimkumbusha kwamba Dada hayumo kwenye orodha, Jumapili yuko kazini, na kanisani hajakanyaga tangu mazishi. Kisha akamweleza habari za sadaka na madhabahu, mpaka ukurasa akamfungulia. Bibi Debe alisema miwani kaiacha nyumbani. Akasema tena kwamba ameshika debe hilo miaka kumi na moja, ameuliza akina mama wasio na idadi, wengine wao kila mtu alijua hawaongei na waume zao, na hakuna hata mmoja aliyemjibu hivi. Mwishowe alichoka. Akampa hadi Jumamosi saa kumi jioni.

"Kapatane naye, uje unijibu kama mtu," alisema akijikokota kwenda mlangoni. "Ni jambo la dakika tano."

Dakika tano. Kitinda alitamani kucheka. Dada alimzidi miaka kumi na miwili, alimbeba mgongoni kabla hajajua kusimama, na tangu hapo hakuacha kumgombeza. Alimgombeza kwa sufuria iliyoungua, kwa nywele, kwa namna ya kufunga mlango. Hata siku ya harusi, bibi arusi akiwa amekwisha kuvaa, Dada alimwambia, hayo mabega, unajikunja kama unaenda kudungwa sindano. Ndivyo alivyopenda. Kisha mama akafa, wakamzika, na kuanzia siku hiyo Dada akawa na adabu. Ukimpa glasi ya maji, "asante sana." Ukichelewa, "usijali." Mtoto alipozaliwa alikuja mara moja, akaleta sabuni na blanketi jipya, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, akasema Mungu amkuze, akaondoka. Sufuria iliyoungua ilikuwa pale pale jikoni, inaonekana wazi. Hakuitazama mara mbili.

Alhamisi Kitinda alipiga simu. Alizunguka kidogo, akauliza hali ya mgongo, hali ya kazi, kisha akauliza moja kwa moja kama kuna jambo lolote amemkosea.

"Hapana, mdogo wangu," Dada alisema. "Sina neno. Nipo kazini, asante kwa kunikumbuka."

Simu ikakatwa. Kitinda alibaki ameishika, akahisi ameandikiwa barua na benki.

Jioni mumewe alimwambia aachane na mambo hayo. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, na mikono yake ilinuka gundi ya mabomba hata siku ya mapumziko. Kwa maoni yake, mtu akisema hana neno, hana; ninyi mnapenda kuchimba. Lakini alipomwona mkewe ananawa uso mara ya pili bila sababu, aliweka kijiko chini.

"Bomba likiziba huwezi kupiga nyundo nyumba nzima," alisema. "Tafuta lilipozibia. Wewe unamwuliza kama kuna tatizo. Mwambie tatizo ni hili."

Shida ni kwamba hakulijua. Alilala na kuamka nalo. Labda ni kitambaa cha meza cha mama alichokichukua bila kuuliza. Labda ni harusi. Labda ni yale masomo ya jioni, kwamba yeye alisoma na Dada hakusoma. Lakini Dada ndiye aliyemsukuma ajiandikishe. Alichambua miaka yake yote kama mtu anayechambua mchele, akatoa kila kijiwe, na hakuna kilichotosha.

Ijumaa alimfunga mtoto mgongoni akaenda nyumbani kwa Dada. Alipokelewa kwa sinia. Yeye, aliyekuwa akifunua masufuria ya nyumba hiyo bila kubisha hodi, aliwekewa kikombe chenye kisahani na kitambaa kilichopigwa pasi. Jirani alikuwepo, fundi viatu wa mlango wa pili, naye alikaa akieleza kirefu habari za soli. Alipoondoka tu, Kitinda akapiga magoti sakafuni, mtoto mgongoni, akasema kwamba hajui ni nini, lakini lolote lile, kubwa au dogo, la zamani au la jana, amsamehe.

"Umesamehewa," Dada alisema.

Alisema hivyo hivyo, hapo hapo, kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Akamshika kiwiko akamwinua. Akamuuliza kama ataongeza chai.

Njiani kurudi Kitinda alilia kwa hasira. Sasa amwambie nini Bibi Debe? Kwa maneno, kila kitu kilikuwa kimekwisha: ameuliza, ameomba, amesamehewa. Mtu mwingine angekanda mkate wake na kulala usingizi. Alimgeukia na Bwana mwenyewe, akamwambia kimoyomoyo kwamba amri hii ni rahisi kwa wenye ndugu wanaopiga kelele. Kwa ndugu anayekwambia usijali, hakuacha maelekezo yoyote. Mtoto mgongoni akapiga chafya. Ndilo jibu pekee alilopata.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikwenda kazini kwa Dada, mtoto amelala mgongoni.

Chumba cha kufulia cha hoteli kilikuwa chini kabisa, mwisho wa ngazi za saruji, na joto lilimpiga usoni kabla hajafika mlangoni. Mashine nne kubwa zilizunguka kwa pamoja. Upande wa pili palikuwa na meza ndefu ya bati, na juu yake mlima wa mashuka meupe yaliyotoka kwenye kikaushio, bado yanafuka mvuke. Dada alikuwa peke yake, amevaa aproni ya bluu, anajaribu kukunja shuka la kitanda cha watu wawili kwa kulibana kidevuni. Mwenzake wa kukunja hakuja kazini. Alipomwona mdogo wake alisema karibu, pole na safari, samahani hakuna kiti.

Kitinda alishika pembe mbili za shuka zilizokuwa zinaburuzika.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mbalimbali, kila mmoja na pembe zake mbili, mnavuta mpaka kitambaa kinyooke, mnalikunja katikati, mnavuta tena, kisha mnasogeleana mpaka mikono igusane na mmoja ampe mwenzake pembe zake. Halafu mnarudi nyuma na kuanza lingine. Walifanya la kwanza. La pili. La tano. Kila walipokutana Dada alisema asante. Kwenye shuka la sita Kitinda alikosea, akakunja ndani upande uliopaswa kuwa nje, na Dada akafungua mdomo. Kitinda alimwona akiufungua. Kisha akaufunga, akasema, "Usijali, nitalirudia."

Hapo Kitinda alichoka. Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, maana mashine zilikuwa zinanguruma:

"Dada, nimechoka na heshima zako. Nigombeze. Nimekunja vibaya, unaona nimekunja vibaya, nigombeze."

"Mtoto ataamka."

"Aamke. Jana nimepiga magoti kwako umenipa chai. Leo jioni natakiwa kukanda mkate wa mama na siwezi, kwa sababu unanichukia na hutaki kuniambia kwa nini."

Dada alivuta shuka. Alilivuta kwa nguvu hata pembe moja ikamponyoka Kitinda vidoleni. Alibaki amelishika peke yake, refu, linagusa sakafu, na kwa mtu aliyefua mashuka miaka kumi na tano hilo lilikuwa kama kutukana hadharani. Kisha akaanza kusema, macho kwenye kitambaa, taratibu, kama anayehesabu.

Alisema ni wasifu. Ule wasifu wa marehemu ambao Kitinda aliuandika, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, na akausoma siku ya mazishi mbele ya kanisa zima kwa sauti nzuri. Ulisema mama alizaliwa, akaolewa, akampenda Mungu, akaugua miaka miwili, na katika ugonjwa wake akauguzwa kwa upendo na watoto wake.

"Watoto wake," Dada alisema. "Nilikaa pale mbele nikajiuliza, wa pili alikuwa nani?"

Kitinda alitaka kusema jambo. Dada hakumpa nafasi. Alieleza jinsi alivyofua mashuka ya wageni mchana, kisha akarudi nyumbani kufua ya mama. Jinsi alivyomgeuza ili asipate vidonda, na bado vidonda vikatokea, na jinsi mama alivyomtukana kwa maumivu, matusi ambayo hakujua mama anayajua. Kitinda alikuja Jumapili baada ya ibada, nywele zimetengenezwa, akakaa kitandani akamsomea zaburi mbili, na mama akatabasamu. Tabasamu hilo lilisubiri wiki nzima lije Jumapili. Yeye wa kila siku hakulipata.

"Halafu mchungaji akasimama," Dada aliendelea, "akahubiri Martha na Mariamu. Siku hiyo hiyo. Mmoja alihangaika jikoni, mmoja alikaa miguuni pa Bwana akachagua fungu lililo jema. Watu wakasema amina, wengine wananitazama mimi. Nikajiuliza, na kile chakula cha Martha kililiwa na nani? Mbona hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kilimwagwa?"

Mashine moja ilimaliza mzunguko ikapiga kengele. Hakuna aliyeigusa.

Kitinda alikuwa na utetezi, na ulikuwa wa kweli: alikuwa mjamzito, anatapika, alikuwa na mitihani, wazee waliagiza wasifu usizidi ukurasa mmoja. Alianza nao. Akasikia jinsi unavyosikika, akaacha. Kwa maana kulikuwa na jambo jingine chini yake, ambalo hata kwenye kuchambua kule hakulitia mkononi, na sasa alilijua kama mtu anavyojua funguo alizozitafuta nyumba nzima ziko mfukoni mwake.

"Kwanza niliandika wewe," alisema. "Niliandika, aliuguzwa na binti yake mkubwa. Nikasoma tena, nikaona watu watajiuliza, na huyu mdogo alikuwa wapi. Nikakata. Nikaandika watoto."

Dada aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Ulikata."

"Nilikata."

Mtoto akaamka, akaanza kulalamika na kurusha miguu. Dada alichukua shuka, akalikusanya lote kifuani bila kulikunja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Afadhali umesema," alisema. "Jana nilikwambia umesamehewa ili uondoke. Sijakusamehe. Nilidhani ulinisahau tu, kama watu wanavyosahau. Kumbe ulinikumbuka ukanifuta."

Msimamizi aliita kutoka ngazini akiuliza mashuka ya ghorofa ya tatu yako wapi. Dada akajibu yanakuja, akampa mdogo wake kisogo. Hakusema asante wala usijali.

Kwa hiyo saa nane mchana Kitinda aliubeba mfuko wa unga, haujafunguliwa, akaurudisha. Bibi Debe alipouona alikaa chini. Kitinda alimwambia kwa ufupi kwamba amekwenda kwa dada yake, na hali ni mbaya kuliko Jumatano. Yule mama alimwuliza huo ndio upatanisho gani. Kitinda alisema hata yeye hajui. Bibi Debe alivaa viatu kwa hasira akasema hakuna shida, wapo wengine, orodha ni ndefu, na amfuate aone watu wazima wanavyojibu.

Lakini lile somo lilikuwa limetangulia mbele yao. Bibi Debe mwenyewe ndiye aliyelisambaza tangu Jumatano, akilisimulia kila alipopita kama kichekesho: msikieni huyu Kitinda, eti anatafuta anayemkasirikia. Watu walicheka. Kisha, inaelekea, kila mmoja alirudi nyumbani kwake akafikiri. Mama wa kwanza, mshona nguo, alipoulizwa una neno na mtu alijibu sina, halafu akashika kitasa cha mlango bila kuufungua zaidi. Akasema yupo mteja mmoja, nguo ya ubatizo, aliiharibu akamwambia ilikuja hivyo. Asingependa kukanda kwanza. Mama wa pili, mwuguzi, alisema mambo ya shemeji yake waachane nayo. Wa tatu aliwaona dirishani, akazima redio, na hakufungua. Wa nne alianza vizuri, akatabasamu, akanyoosha mikono kuupokea unga, halafu mumewe akakohoa chumbani, na mikono ikarudi.

Saa kumi na moja na nusu walikuwa wamesimama barabarani na mfuko wao. Kitinda alikuwa hoi, mtoto analia njaa, kifua kimejaa maziwa hadi blauzi imelowa. Alimwuliza Bibi Debe, kwa nia njema kabisa, kwa nini yeye mwenyewe asikande, mara hii moja.

Bibi Debe alikunja mdomo wa mfuko, akaukunjua, akaukunja tena.

"Umenivurugia kanisa," alisema, akashika njia ya kwake.

Jumapili meza ilikuwa tupu. Kitambaa cheupe kilitandikwa, kikombe kikawekwa, na mahali pa mkate palikuwa na sahani iliyong'aa kwa mwanga wa taa. Mchungaji, kijana bado, alikuwa ameambiwa asubuhi ile na hakuwa amepata muda wa kutafuta maneno. Alitangaza kwamba Ushirika Mtakatifu umeahirishwa hadi wiki ijayo kutokana na maandalizi kutokamilika. Minong'ono ikapita. Watu walikuwa wamevaa kwa ajili ya siku hiyo, wengine wametoka mbali. Mzee mmoja wa kanisa aligeuka kabisa kitini akamtazama Kitinda, na akina mama wanne waliotembelewa jana wakatazama vitabu vyao vya nyimbo kwa bidii ya ajabu.

Kitinda alinyoosha mkono. Alisema ana tangazo. Mchungaji alisita, maana matangazo huandikishwa, lakini mwanamke alikuwa amekwisha kusimama, mtoto mmoja kiunoni na karatasi moja mkononi.

Aliwaambia kwamba miezi kumi iliyopita aliwasomea wasifu wa mama yake mahali pale pale, na wasifu ule ulikuwa na uongo ndani yake. Anaomba kuusahihisha. Mtoto akaidhani karatasi ni mchezo, akaikamata. Akasoma kwa kuinyakua nyakua:

"Mama yetu aliugua miaka miwili. Aliuguzwa na mtoto mmoja, naye ni dada yangu. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, akamfulia, akamlisha, peke yake. Mimi nilikuja Jumapili. Nilijua hivyo nilipoandika, na nilikata jina lake kwa mkono wangu, ili mniheshimu."

Hakuna aliyesema amina. Hakuna aliyejua kama inastahili amina. Akakaa, na kitu alichokitegemea, ule wepesi ambao watu husimulia kwenye ushuhuda, hakikuja. Alihisi joto tu masikioni. Mchungaji alitangaza wimbo, na wimbo ukaanza vibaya.

Baada ya ibada alitembea haraka na mumewe ili asisalimiane na mtu. Kwa mbali alimwona Bibi Debe akielekea upande usio wa kwake, barabara inayopita nyumba ya wifi yake asiyesalimiana naye, anatembea kama mtu aliyetumwa kwa nguvu. Hilo halikumfariji. Yule ambaye yeye alimkosea alikuwa chini ya ngazi za saruji, anakunja mashuka, hajui lolote.

Alijua. Kanisa lina midomo, na mmojawapo ulikuwa na binamu anayefanya kazi mapokezi ya hoteli. Saa tisa mchana mlango uligongwa mara moja ukasukumwa kabla ya kujibiwa, na Dada akaingia, aproni ya bluu bado kiunoni, jasho limemkaukia chumvi kwenye paji la uso. Fundi bomba alisimama kumkaribisha, akamtazama usoni, akakumbuka ana bomba la kwenda kuangalia.

"Nani kakutuma?" Dada alisema. "Nilikuomba unitangaze? Mtu wa mapokezi ananipa pole mimi mbele ya wageni, ananiambia pole kwa kumgeuza mama. Na mtoto huyo mbona hana soksi?"

Kitinda alisema kwamba alitaka kusahihisha.

"Kusahihisha. Lete hiyo karatasi."

Ilikuwa mezani, pembe moja imetafunwa na mtoto. Dada aliishika mbali na macho, akaisoma midomo ikitikisika, na kadiri alivyosoma ndivyo sura yake ilivyozidi kukunjamana.

"Kila baada ya saa mbili. Nani alikwambia saa mbili? Mwezi wa mwisho ilikuwa kila nusu saa, hakuweza kulalia upande wa kushoto kabisa. Na peke yake, peke yake gani? Fundi viatu alikuwa anakuja kila siku kunisaidia kumnyanyua, mzee wa watu, na mgongo wake ule. Unamfuta na yeye? Na mbona hukuandika alivyokuwa akitukana? Unataka watu wafikiri nilimuuguza malaika?"

"Nilidhani utaona aibu."

"Wewe na aibu zako ndizo zilizotufikisha hapa. Sogea."

Alivuta kiti, akakaa kwa uzito wote, viwiko mezani. Alidai kalamu. Kitinda akampa, Dada akairudisha, akasema aandike yeye msomi, na aandike vizuri, mwandiko wake siku zote unakimbia kama unafukuzwa. Kitinda aligeuza karatasi upande mweupe. Mkono mmoja ulimshika mtoto, ambaye alikuwa anataka kalamu pia. Alitaka kuuliza swali moja. Ndani yake mlikuwa na swali la Jumatano, pamoja na wiki ijayo na unga uliorudi uvunguni, na alijua akiliuliza sasa atajibiwa vibaya, na akajua pia kwamba kujibiwa vibaya na Dada hakumtishi hata kidogo.

"Umenisamehe?"

"Bado," Dada alisema. "Usiniharakishe. Andika kwanza siku mama alipoanguka bafuni. Hukuwepo."

"Sikuwepo," Kitinda akasema, akaandika. "Halafu?"

Dada akamwambia, tangu mwanzo.